Mshono kwenye Ngozi ya Litungu

Mvua ikinyesha Kitale, sebule yangu hunuka mbuzi. Wageni hugeuza shingo wakitafuta, nami husingizia viatu vya watoto. Si viatu. Ni litungu la Kuka, lililolala juu ya kabati la vyombo, ngozi yake ikivuta unyevu na kulegea kama ilivyokuwa ikilegea miaka yote kule Matulo. Lilinifikia baada ya mazishi yake, kwa sababu kaka yangu, ambaye ndiye aliyepaswa kulirithi, alisema nyumba yake haina nafasi ya kinanda cha walevi. Lina nyuzi saba, bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili ya mti inayochomoza kama pembe, na mti mwingine uliolala juu kuiunganisha. Katikati ya ngozi kuna mshono wa uzi wa katani, mrefu kama kiganja changu. Watu huuliza mshono huo ulitoka wapi. Huwa nawaambia ni uzee.

Nilipelekwa Matulo nikiwa darasa la tatu. Mama alikuwa amejifungua pacha na kuugua vibaya, na baba, karani mwenye tai na hasira fupi, akaona mimi ndiye mzigo unaoweza kupunguzwa. Kwa hiyo nilifika kwa Kuka, yaani babu yangu mzaa baba, nikiwa na viatu, soksi na kiburi cha kutosha darasa zima. Watoto wa pale hawakuhangaika na jina langu. Waliniita Wa Kitale, nami nikaitika.

Kuka alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Mimi ni wa mkono wa kushoto, na hilo lilimkera kuliko mvua ya mawe. Kila mlo alikaa na mwiko mdogo kando ya sahani yake, na mkono wangu ule ukinyooka kwenda kwenye ugali, mwiko ulishuka. "Huo ni wa choo," alikuwa akisema, bila hata kunitazama. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nakula kwa mkono wa kulia kama mgonjwa, nikimwaga nusu ya mboga, na vifundo vya ule mwingine vimevimba.

Lakini mzee huyo huyo akishika litungu ungesema ni mtu mwingine. Kwanza alilisogeza karibu na moto, si karibu sana, ngozi ikauke na kukaza. Kisha akazungusha vitambaa vilivyofunga nyuzi kwenye mti wa juu, uzi mmoja baada ya mwingine, akigusa na kusikiliza, akigusa na kusikiliza, mpaka zote saba zikapatana. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku zangu zilikuwa nailoni ya kuvulia samaki, iliyonunuliwa Webuye, na wazee walilalamika kwamba nailoni haina adabu. Nilikuwa nikikaa miguuni pake nikitazama vidole.

Siku moja, wazee wakiwa wamezunguka chungu cha pombe ya busaa na mirija yao mirefu, akaniinamia.

"Unajua ni nani analia humu ndani?"

"Hapana, Kuka."

"Ni kukhu yako. Alikuwa na mdomo mrefu sana, huyo mwanamke. Nikamfungia humu. Sasa nikimfinya, analia na wimbo."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na busaa. Kukhu, nyanya yangu, alikuwa amekufa kabla sijaanza shule. Nilichokumbuka kwake ni kwamba ulilazimika kumsemesha upande wa kulia, kwa maana sikio la kushoto liliharibiwa na kofi, na kila mtu mzima pale nyumbani alijua lilikuwa kofi la nani.

Niliamini. Si kwa nusu, niliamini kabisa, na juu ya imani hiyo nikajijengea elimu yangu yote ya sauti. Sauti ni maumivu. Uzi uliokazwa sana ni pale anapofinywa kwenye nyama laini, ndiyo maana analia juu. Uzi uliolegea ni mgongoni, ndiyo maana anaguna. Ungetarajia mtoto amwonee nyanya yake huruma. Sikumwonea. Nilizoea kumvuta Kuka suruali na kumwambia, "Mfinye tena." Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, na mimi nilikuwa nimejikalia upande wenye mpini.

Aliyenitoa ujinga ni Nekesa, na sikumsamehe. Nekesa alikuwa binamu yangu, darasa la nane, binti wa shangazi yangu aliyemzaa kabla ya kuolewa. Shangazi alipopata mume huko Sirisia, mume alisema anataka mke, hataki mke na mzigo. Nekesa akabaki kwa Kuka. Baba mdogo, aliyekaa boma lile lile, alikuwa akisema wazi, Nekesa akiwapo, kwamba mtoto wa msichana hana haki pale na anamaliza chakula cha wenyewe. Kuka alimjibu mara moja tu, sote tukisikia: "Atakaa mpaka siku atanikosea. Akinikosea, anaenda." Mtihani wa darasa la nane ulikuwa umekaribia. Mwalimu wake alikuja mwenyewe kwa baiskeli kumwambia mzee kwamba msichana huyu atapita na ataitwa shule ya bweni. Basi Nekesa aliishi miezi ile kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani. Aliamka wa kwanza, akalala wa mwisho, na hakujibu hata alipotukanwa.

Kosa lake lilikuwa moja. Katika nyumba ya Kuka msichana hakuruhusiwa kugusa litungu. Lakini mzee akienda mnadani, Nekesa aliliteremsha kutoka kwenye msumari wake, akakaa sakafuni karibu na mlango, na kulicheza kwa sauti ndogo, akinyamazisha nyuzi kwa kiganja kila aliposikia hatua. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa akisimama na karai la vyombo mlangoni, Kuka akicheza, na kuninong'oneza, "Huo wa tatu ameulegeza. Mzee anaanza kuwa kiziwi." Kesho yake Kuka mwenyewe angelalamika kwamba uzi wa tatu umemsumbua. Mimi peke yangu nilijua siri hiyo, na nilifurahi kuwa nayo.

Siku nilipomwambia kuhusu kukhu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Ati nani? Kukhu? Wewe wa Kitale, si huko kwenu mnasomanga?"

"Kuka mwenyewe amesema."

"Kuka alikuwa anakuchezea, bana. Kuja hapa."

Alichomoa uzi mrefu kwenye gunia la mahindi, akausokota. Akaniambia niume ncha moja kwa meno. Ncha nyingine aliivuta mpaka uzi ukanyooka kati yetu, kisha akaudonoa kwa kidole. Kichwa changu kizima kikavuma. Niliutema uzi nikaruka nyuma.

"Umeskia? Sasa mimi huku sijaskia kitu, kidogo tu. Uzi wenyewe hauna sauti ya maana. Unatetemeka tu. Unatafuta kitu iko wazi ndani, kiusaidie kupiga kelele. Litungu iko na bakuli na ngozi. Wewe uko na kichwa." Akacheka tena. "Kiko wazi sana, hicho chako."

Akaniwekea mkono juu ya ngozi ya litungu, akagusa uzi mnene, nami nikasikia mtetemo ukinipanda mpaka kwenye kiwiko. Ngozi ilikuwa ikiruka kidogo kidogo chini ya vidole vyangu, kitu hai kabisa. Kwangu mimi hilo lilithibitisha kwamba kuna mtu ndani. Nikamwambia hivyo.

"Basi kama huamini, si upasue uone!" alisema, akarudi kwenye vyombo vyake.

Ingeishia hapo pengine. Lakini kisimani aliwasimulia wengine, na ndani ya siku moja Matulo nzima ya watoto ilikuwa na mchezo mpya. Njiani kwenda shule walinizunguka na kunifinya mikono, mapaja, mashavu, wakiimba, "Lia na wimbo! Lia na wimbo!" Niliyatafuta macho ya Nekesa kati yao. Alikuwa anacheka pia. Alicheka kidogo tu, kisha akawafukuza, lakini mimi nilihesabu kicheko na nikasahau kufukuza. Nilirudi nyumbani na madoa ya rangi ya zambarau mkononi, na ndani yangu kulikuwa na kitu kimekaa kimya kikingoja.

Jumamosi iliyofuata Kuka alienda mnadani, baba mdogo na mkewe wakawa shambani, Nekesa akaenda mtoni kufua. Nilipanda kiti cha Kuka, nikateremsha litungu. Nilichukua kisu cha kukatia mboga na kukishika kwa mkono wa kushoto, maana hapakuwa na mtu wa kunipiga mwiko. Sijui hasa nilitaka nini. Ningependa kusema nilitaka kumfungulia kukhu atoke. Ukweli ni kwamba nilitaka kumkuta pale, mdogo, amejikunja, nimbebe mpaka kisimani niwaonyeshe wale watoto nani mjinga. Nilichoma kisu na kuvuta. Ngozi ilikuwa imekaza kwa jua la siku hiyo, ikapasuka kwa mlio mmoja mfupi, na nyuzi zote saba zikaguna na kunyamaza.

Ndani mlikuwa na vumbi, utando wa buibui, na mende mkavu. Alama za patasi zilionekana kwenye mti. Niliingiza vidole nikapapasa kuta zote za bakuli kama mtu anayetafuta shilingi, na hapakuwa na mtu. Nilihisi nimeibiwa. Hofu ilikuja baadaye.

Kuka alirudi mchana akiwa na matumbo ya ng'ombe kwenye karatasi. Aliliona kabla hajakaa. Akalitungua kutoka ukutani, kwa maana nilikuwa nimelirudisha kwenye msumari kana kwamba hilo lingesaidia, akaliweka magotini na kupitisha kidole kwenye mpasuko ule kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alikipitisha mara mbili. Kisha akaniita.

"Ni nani?"

Nilijua kilichokuwa kwenye mizani. Niliandika hapo juu kwamba nilisikia maneno yake kwa baba mdogo, na sitajificha nyuma ya utoto. Nilijua kabisa.

"Ni Nekesa," nikasema. "Yeye huwa anacheza hiyo litungu ukienda mnada."

Nusu ya pili ilikuwa kweli, ndiyo maana ulimi haukujikwaa. Kuka alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa alichoagiza.

Nekesa alifika na karai la nguo mbichi kichwani. Kuka alikuwa amekaa kizingitini, mchi wa kutwangia ukiwa kando yake. Mke wa baba mdogo alikuwa amerudi na amesimama jikoni akitazama. Mzee hakumuuliza kitu.

"Leta mkono."

Nekesa alitua karai, akaipangusa mikono kwenye sketi, akanyoosha wa kulia, kiganja juu. Nadhani alifikiri anatumwa dukani. Kuka aliushika kifundo, akaugeuza, akaulaza juu ya jiwe la kizingiti, na kupiga vidole mara mbili kwa mchi.

Mimi nilikuwa nimeziba masikio tayari. Kwa elimu yangu, kitu kilichokazwa kikipigwa lazima kilie, na kikikazwa zaidi kinalia juu zaidi, na sikuwahi kumwona mtu aliyekazwa kuliko Nekesa miezi ile. Lakini hakulia. Alifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Aliangalia litungu kwenye kiti, akaona mpasuko, akaniangalia mimi. Halafu akainama kuokota nguo zilizoanguka, kwa mkono uliobaki.

"Uliambiwa," mzee akasema. "Kesho unaenda Kachibora. Kuna watu wanatafuta msichana wa kulea watoto."

"Kuka, mtihani..."

"Utaandika na mkono gani?"

Mke wa baba mdogo akacheka. Namtaja kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba yeye alikuwa mbaya kuliko mimi.

Matumbo yalipikwa jioni hiyo kabla jua halijazama. Nekesa hakuitwa kula. Mimi nilikaa mahali pangu, nikiwa na njaa ya aibu, na kwa kujisahau mkono wangu wa kushoto ukaenda kwenye sahani. Nikaurudisha haraka nikingoja mwiko. Kuka aliusukuma mwiko mbali.

"Wacha. Kula na mkono wako," akasema.

Nilikula kwa mkono wa kushoto siku hiyo, na kila siku baada ya hapo mpaka baba alipokuja kunichukua. Mwiko haukushuka tena. Nilidhani ameniamini, na hiyo ni zawadi yangu. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba babu yangu ameanza kunipenda.

Nekesa aliondoka asubuhi, mkono umefungwa kitambaa cha kanga, nguo zake kwenye mfuko wa nailoni. Hakuniaga wala hakunitukana. Kuka alililoweka litungu, akalishona kwa katani, akapaka utomvu juu ya mshono. Sauti ya litungu ikawa na mkwaruzo tangu siku hiyo, na kwenye busaa mzee alikuwa akisema, "Kukhu yenu ana mafua." Walicheka vile vile. Sikumwomba tena amfinye.

Nimeishi Kitale maisha yangu yote tangu hapo, na Nekesa pia, tangu alipotoka Kachibora. Ana kibanda sokoni, anauza kamba za katani na za kufungia ng'ombe. Nilijua. Nilijua ni mstari gani, na kwa miaka nilinunua mboga upande mwingine wa soko ili nisipite pale. Hotuba ya kuomba msamaha niliitunga mapema, nikawa naiboresha kila mwaka, na kama hotuba nyingi nzuri haikutolewa.

Mwezi uliopita alikuja mwenyewe. Alikuwa amesikia litungu liko kwangu. Nikachinja kuku, nikamnawisha mikono kama anavyonawishwa mkwe. Vidole viwili vya kulia havikunji. Alimega ugali kwa kidole gumba na kile kidogo, haraka, kwa ustadi wa mtu asiyetaka kutazamwa, nami nikatazama. Alipomaliza akaomba alione.

Alilipakata. Hakucheza. Aligusa uzi mmoja akausikiliza mpaka ukaisha, halafu akauleta mshono karibu na macho.

"Nekesa," nikaanza, "kuna kitu nimetaka kukwambia siku nyingi."

"Hapa ndipo kisu kiliingia," akasema, kana kwamba sijafungua mdomo. Aliweka ukucha upande wa kulia wa ngozi, mahali mshono ulipo mpana. "Kikavutwa kuenda huku, kikaishia hapa kwa mkwaruzo. Mtu wa mkono wa kulia havuti hivyo. Ni wa kushoto." Akaniangalia. "Pale nyumbani wa kushoto alikuwa nani?"

Niliuficha mkono wangu wa kushoto chini ya paja.

"Mimi niliona hapo hapo, nikiwa na karai. Na yeye aliona kabla yangu. Hii ngozi alichuna yeye, akaiwamba yeye. Unafikiri alikuamini wewe, katoto ka darasa la tatu?" Hakuwa amekasirika. Alisema kama anavyomweleza mteja tofauti ya kamba na kamba. "Wote pale nyumbani walikuwa wanatafuta sababu, na mzee alikuwa ameweka neno, hangeweza kunifukuza bure. Ukamletea. Hata kama ungesema ni paka, ningeenda tu."

Hotuba yangu ya miaka yote ikawa haina pa kusimama. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mwovu wa hadithi hii, na sasa hata hilo nilinyang'anywa. Nilimkumbuka mzee akipitisha kidole kwenye mpasuko mara mbili. Nilikumbuka matumbo, na mwiko ukisukumwa mbali, na mimi nikila kwa furaha. Alikuwa ananilipa, nami nikayala malipo yangu kwa mkono ule ule uliofanya kazi.

"Kitu kimoja tu sijawahi kujua," Nekesa akasema. "Nikiwa kule nyuma ya nyumba na huu mkono, nililala nikijiuliza. Alikwambia nini jioni hiyo? Alikupiga, hata kidogo? Alikuuliza?"

Alikuwa amengoja jibu hilo tangu Kachibora, nikaona. Alitaka kusikia kwamba mzee alisumbuka, japo kwa neno moja.

"Hakusema kitu," nikamwambia. "Tulikula tu, tukalala."

Akatikisa kichwa, akauweka ule mkono wake juu ya nyuzi, ingawa zilikuwa zimenyamaza kitambo.